Upande Mwekundu

Nilipogeuka nyuma niliona mawe yote ni mekundu. Wakati tunakuja yalikuwa meupe, chokaa safi, yamepangwa mstari mmoja ndani ya nyasi kavu, na tuliyavuka tukicheka, Somoe mbele na muo wa chuma wa kuchimbia begani, mimi nyuma na kapu. Tulishachimba shimo la kwanza, ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, imetoka mirefu, minono, Somoe akasogea kwenye kichaka cha pili. Mimi nikageuka kutazama kama kuna mtu anatufuata, maana katika nyumba tuliyofanyia kazi nilishazoea kutazama nyuma, ndipo nikaona mawe yaleyale yamenigeuzia rangi nyekundu, ile ya kupaka mabati, jiwe kwa jiwe mpaka macho yanapoishia. Nikafungua mdomo nimwambie Somoe hebu ngoja kwanza. Muo ulikuwa umeshashuka.

Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka niko chini, mchanga umejaa mdomoni, na kimya kikubwa kama nimezamishwa kwenye pipa la maji. Nilitaka kujisukuma niinuke. Mkono wa kulia ukaitika, wa kushoto haukuitika, nikatazama kwa nini. Chini ya kiwiko hapakuwa na kitu cha kuitika. Somoe sikumwona. Niliona mtandio wake umenasa juu ya kichaka, haukuchanika hata kidogo, na ming'oko yetu imetawanyika kama mtu kaimwaga kwa hasira. Nikawaza, mama mwenye nyumba atatugombeza. Ndivyo nilivyowaza, siongezi wala sipunguzi.

Sasa wamemzika Meja Nambunda, ndiyo maana naandika. Nilipanda bodaboda kutoka Nandagala ninapoishi mpaka kwake upande wa Nambambo, nikakaa mkekani na kina mama, nyuma kabisa, mkono wangu mfupi nimeufunika na khanga. Kofia yake ya jeshi iliwekwa juu ya jeneza. Mpwa wake akasoma wasifu kwenye kipaza sauti: marehemu alijiunga na jeshi angali kijana, akasoma kozi mpaka nje ya nchi, akapigana vita vya Uganda, kisha akawa mkufunzi wa shabaha miaka mingi hapahapa kusini, akastaafu kwa heshima, akarudi kulima korosho, akasaidia kujenga kigango. Akamalizia kwamba tangu kustaafu marehemu aliishi kwa amani na majirani zake wote. Mama aliyekaa karibu yangu akatikisa kichwa, "Kweli kabisa, mzee wa watu huyu." Nilimtazama vizuri nimjue ni nani na kaja na nani. Siku hizi mtu akisifu mno najiuliza katumwa. Lakini neno moja walilisoma wenyewe, mbele ya padri na wakubwa waliokaa kwenye viti: mkufunzi wa shabaha, hapahapa kusini. Mtu aliyefundisha watu kupiga mabomu porini kwetu miaka yote hiyo, pori lililokuja kuwa shamba lake, ndiye aliyeapa baadaye kwamba hakujua kama porini kuna mabomu. Hakuna aliyeshtuka. Mwaka nilioufanya mimi nyumbani kwake waliuruka, kama vile mtu anavyoruka dimbwi.

Habari za kwetu Mbekenyera naziacha, hazimhusu mtu. Niliishia darasa la saba, na nilikwenda kwa Meja kwa sababu Somoe alikuwa huko tayari, tumecheza unyago mmoja, akaniambia njoo, chakula kipo. Chakula kilikuwepo kweli. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati mekundu, na kila chumba kilikuwa na jina la kambini. Sebule iliitwa mesi. Jiko letu la uani liliitwa kombania. Kulikuwa na stoo yenye kufuli, ufunguo unalala kwenye mkanda wa suruali ya Meja, na humo Somoe na mimi hatukuwahi kuingia. Mezani alikaa sehemu moja tu, mgongo ukutani, uso mlangoni, anakula mbaazi na ugali kwa kijiko, polepole, huku anasikiliza nani anapita nje. Nguo zake alipiga pasi mwenyewe. Mkewe, Mama Skolastika, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na chupa ya mafuta ya kupikia aliikwaruza kwa ukucha usawa wa mafuta yalipofikia, ili akirudi sokoni ajue kama tumeyagusa. Nyumba nzima ilikuwa hivyo. Kila mtu alimtazama mwenzake. Nilifika hapo msichana wa kucheka ovyo, nikatoka mtu wa kuchungulia dirishani kabla ya kufungua mlango, na mpaka leo sijaacha.

Asubuhi Meja alitupanga mstari uani, mwenyewe anaita kufola, mimi, Somoe, na Koplo Mtepa. Koplo alikuwa askari wake wa zamani, walistaafu pamoja, akamfuata huku, akajengewa banda nyuma ya nyumba. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alikuwa na meno mazuri na alijua kutengeneza baiskeli. Meja anapita mbele yetu mikono nyuma, anauliza, "Kombania ya jiko, hali?" Mimi nanyamaza, Koplo ananyamaza, Somoe anakakamaa, anajibu kwa sauti ya kiume, "Kombania ipo kamili, afande! Isipokuwa unga!" Meja alikuwa anacheka, hilo nitamwandikia. Alikuwa akicheka na Somoe kuliko alivyocheka na mkewe, na mkewe alikuwa anasimama dirishani pa mesi, anaona. Sisemi zaidi ya hapo. Kulikuwa hakuna zaidi ya hapo, Somoe angeniambia. Nasema tu alikuwa anaona.

Mwanzo wa kiangazi Koplo alileta mawe kwenye mkokoteni, akayashusha nyuma ya jiko, akaanza kuyapaka. Upande mmoja chokaa, upande wa pili rangi nyekundu iliyobaki kwenye mabati. Nilikuwa nachambua kisamvu, nikamwuliza, "Koplo, unapamba nyumba au kanisa?"

"Kazi za jeshi haziulizwi na jikoni."

"Jeshi lipi? Si mmestaafu?"

"We Dija, chambua majani yako," akasema, na hakutabasamu. Siku zilizofuata aliyapeleka mawe kule ng'ambo ya mikorosho, kwenye nusu ya shamba ambayo Meja hakuilima. Watu waliita pori la mizimu. Wengine walisema pana mali ya Mjerumani, rupia za kwenye makasha, maana huku kwetu mtu akiwa na ardhi asiyoilima na hataki uikanyage, basi watu wanajua kafukia kitu. Kisimani ndiyo ilikuwa hadithi. Somoe aliikoleza. "Meja halali jamani, analinda rupia zake! Mimi nikipewa mume, nataka yule anayejua kasha liko wapi." Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Maneno yale ya kisimani nayaandika kama yalivyo, kwa sababu baadaye yaliokotwa na kutumika, na aliyeyaokota namjua.

Kisha alikuja mgeni. Alikuwa mstaafu pia, mnene, wakimwita Kanali tu, na alikaa nao mezani mchana kutwa wakikumbushana kambi. Mimi nilikuwa nimesimama na birika na beseni, nasubiri wamalize niwanawishe. Msichana wa birika haonekani, watu wanaongea mbele yake kama mbele ya kabati. Kanali akauliza, "Nambunda, na lile pori umelisafisha?"

"Nusu. Penye mikorosho ni safi, nimepapita mwenyewe na Mtepa, hatua kwa hatua. Kule kwingine tumeweka mawe."

"Mawe tu?"

"Mawe yanatosha."

"Yanamtosha kuruta aliyefundishwa. Hawa wenyeji nani kawafundisha?"

Meja akacheka. "Wenyeji wana mizimu yao, inawazuia vizuri tu. Nikitangaza kwamba vile vitu bado vipo, kesho serikali inakuja na kamba, inafunga pote, na mikorosho yangu imekwenda."

Mama Skolastika alikuwa anaongeza mboga. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mimi nilishamwambia apeleke taarifa. Siku moja mbuzi wa watu atapaa."

"Mama," Meja akasema, "mboga."

Nikawanawisha. Niliporudi jikoni nikamwambia Somoe, kumbe kweli kuna vitu, Meja mwenyewe kasema vile vitu vipo. Somoe akapiga makofi, "Rupia!" Tukacheka wawili. Nilikuwa sijui mbuzi anapaaje. Ningejua wapi? Kwetu hakuna aliyesema neno bomu hata siku moja. Leo nikilipita lile neno la mbuzi nasimama hapo muda mrefu. Mwanamke aliyesema vile hawezi kuniambia hakujua.

Kanali alipokaribia kuondoka, Meja akataka amfungashie ming'oko, kwa sababu kule anakokaa haipatikani, na wakiwa kambini walikuwa wanaila ya kuchemsha na chumvi, wanaimenya kwa meno. Mapori ya karibu yalishachimbwa na kila mtu, maana kiangazi ni wakati wake. Asubuhi hiyo Meja na Koplo walikwenda Nachingwea mjini na mgeni. Mama Skolastika akaja jikoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akamwambia Somoe, "Nenda ng'ambo ya mikorosho. Kule hakujachimbwa."

Somoe akaduwaa. "Kwenye mizimu, mama?"

"Mizimu gani. Mkiona mawe meupe, vukeni. Ng'ambo ya mawe ndiko kusafi." Akanigeukia, "Wewe Dija baki, usonge ugali."

Haya maneno sijayatengeneza. Wiki ileile alikuwa amemfumania Somoe uani anamwigiza, shingo juu, anatembea kama yeye, anasema kwa sauti ndogo "nani kagusa mafuta yangu." Hakumpiga. Alimtazama tu, akaingia ndani. Na siku ile alisema "mkiona, vukeni," kama anayewaambia watu wengi, kisha akaniambia mimi nibaki. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Huenda alichanganya. Mtu anaweza kusikia kwamba upande mweupe ni wa salama, akadhani weupe unakuonyesha unakokwenda, kumbe unakuambia hapo uliposimama ndipo salama, ishia hapo. Mtu wa kawaida anaweza kuchanganya, mimi ningechanganya. Lakini yeye alikaa makambini ujana wake wote. Mimi nilikwenda kwa sababu Somoe alisema kapu likijaa hataliweza peke yake na muo. Nikaepua sufuria, nikamfuata.

Kilichotokea nimeshakisema. Walionibeba walikuwa watu waliokuwa wanafyeka ng'ambo ya barabara. Nilipoamka hospitali ya misheni, wa kwanza kuja hakuwa ndugu yangu. Alikuwa Koplo Mtepa, na machungwa kwenye mfuko, amevaa shati lililopigwa pasi na Meja, naijua pasi ya Meja. Akakaa pembeni ya kitanda, akanimenyea chungwa moja.

"Pole, mwanangu. Somoe tumemsitiri vizuri. Hivi, ulimsikia akisema habari za rupia?"

"Alikuwa anatania, Koplo."

"Lakini ulimsikia."

"Wote walimsikia. Kisima kizima."

"Basi," akasema. "Kisima kizima." Akaniwekea chungwa kwenye mkono uliobaki, akaondoka. Sikulila. Nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili na nilikuwa na wasiwasi naye mpaka alipomaliza kulila na kulala salama.

Askari walipokuja kuuliza, niliwaambia yote, mawe, rangi, aliyetutuma, maneno ya mezani. Waliandika, hawakunifokea. Wakaenda kutazama. Mawe hayakuwepo. Hata moja. Meja akawaambia yeye ni mkulima, pori lile hakuwahi kuligusa, hajui chochote kuhusu mabomu, na mawe hayakuwahi kuwepo; mkewe na Koplo wakasema vilevile. Mama Skolastika akawaambia hakututuma popote, alinikabidhi mimi ugali na akashangaa nimeacha sufuria. Koplo akawaletea wanawake wa kisimani, na wanawake wale, wenzetu, wakasema kweli, Somoe alikuwa anatafuta kasha la Mjerumani, alisema mwenyewe. Hawakusema uongo hata neno moja, ndiyo ubaya wake. Hadithi ikakaa: wasichana wawili wa jikoni walikwenda kuiba mali porini kwa tajiri wao, wakapata chuma, wakakidhani ni kasha, wakakichokonoa. Wataalamu walikuja baadaye, wakalipua mengine, tukasikia milio mpaka Mbekenyera. Na bado watu wakasema, unaona, walikwenda kuchokoza.

Mama yake Somoe peke yake alikwenda kutazama pale kwa macho yake. Alikuta alama kwenye nyasi, madoa ya mviringo, majani yamekufa kwa kukosa jua, moja, halafu jingine, halafu jingine, mstari ulionyooka, na vumbi la chokaa. Akarudi kwa mwenyekiti wa wakati ule akamwambia njoo uone. Akaambiwa, "Mama, kapumzike." Mvua zikanyesha, nyasi zikaota. Mwanamke yule bado yuko hai, Mbekenyera, macho yameingia ukungu. Watoto waliozaliwa juzi, wasiojua Somoe alikuwa nani, wanamwita Mama Rupia. Anaitika. Nilimwuliza kwa nini anaitika, akaniambia, "Nikikataa wataniuliza kwa nini nakataa, na mimi nitasema nini, Dija?" Harusini hapewi kazi ya kushika vitu vya watu. Hakuna anayesema sababu. Kila mtu anaijua.

Basi siku ya mazishi, watu waliporudi kutoka makaburini, nikaingia ndani kutoa mkono wa pole. Mama Skolastika alikuwa amekaa kwenye godoro mesini, kitambaa cheusi kichwani, mdogo sasa, amesinyaa. Koplo Mtepa kiti cha mlangoni, fimbo magotini, bado analinda.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Nani wewe?"

"Dija. Wa jikoni."

"Dija. Umezeeka."

"Mama, siku ile ulituambia tuvuke. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulichanganya, au ulikuwa unajua?"

Mmoja wa wanawake waliokaa naye akanivuta khanga, "Dada, msiba una adabu zake." Nikamwambia, "Nami nina msiba wangu, niachie."

Mama Skolastika akasema, "Leo? Udongo wa mume wangu haujakauka."

"Wa Somoe ulipokauka hukuniita."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu. Mimi ni mzee. Meupe, mekundu, nani anakumbuka tena."

Koplo akagonga fimbo chini. "Mama, pumzika." Alisema haraka mno, kwa mtu wa umri wake.

Kwa sababu mimi rangi sikuitaja. Sikusema mawe. Nilisema tuvuke, basi. Na walishasema mbele ya askari, yeye na mumewe na Koplo, kwamba mawe hayakuwahi kuwepo. Nilitoka nje, nikamwambia kijana wa bodaboda twende, akaniuliza mbona sijala, wali umeiva. Nikamwambia kwenye nyumba hii mimi sili.

Wenye hadithi yao watasema mwanamke mwenye mkono mmoja anatafuta fidia. Sitaki kitu cha mtu. Meja nimemkosa, amekwenda na wasifu wake na watu wamempigia makofi. Wamebaki wawili na bado wana pumzi. Koplo Mtepa, ulibeba mawe kwa mkokoteni ukayapeleka, na ukayabeba tena ukayaondoa Somoe hajazikwa. Uliyatupa wapi, na nani alikuamuru? Mama Skolastika, kama ulichanganya, sema nilichanganya, nitakuelewa, nitakusamehe palepale. Kama hukuchanganya, sema hivyo pia. Lakini usiniambie mimi, mimi nilikuwepo. Mbekenyera kuna mkutano wa kijiji, unajulikana siku yake, na mwenyekiti wa sasa amekubali kuwapa nafasi, nimekwenda mwenyewe kuiomba. Njooni msimame mbele ya watu, mbele ya yule mama, mmtaje mwanawe kwa jina lake, mseme nani alimtuma.